Matanga yakishaanuliwa: namna ya kuanzisha kikundi cha kukaa na wafiwa

Mume wangu alitoka mwaloni Kirumba, bandari ya wavuvi hapa Mwanza, jioni moja ya mwaka 2014 kwenda kuvua dagaa upande wa kisiwa cha Kome, Ziwa Victoria. Mtumbwi ulipatikana. Taa zilipatikana, bado zimefungwa juu ya maboya yake. Yeye hakupatikana. Wavuvi wenzake walisimamisha kazi siku nne wakamtafuta, na nyumbani turubai likafungwa, wanawake wa mtaa wakapika, wanaume wakalala nje. Siku ya saba wazee wakakaa, wakasema msiba ufungwe, watu wana kazi zao. Ikawa hivyo. Viti vikarudishwa, sufuria zikarudishwa, na uani yakabaki mashimo sita ya nguzo za turubai.

Nilikuwa nayazunguka yale mashimo nikienda kuanika nguo. Sikuweza kuyafukia. Siku mbili baadaye mama wa nyumba ya tatu akaingia na jembe lake begani, akayafukia moja moja, akashindilia udongo kwa nyayo. Kisha akavuta kigoda, akachukua sinia langu la mchele akaanza kuchambua. Tulikaa hadi adhuhuri. Maneno aliyosema ni machache mno: "Lete na ule mwingine."

Yule mama ndiye mwenyekiti wetu leo. Tulianza mwaka 2017 tukiwa wanawake watano, wajane wanne na yeye, na mpaka sasa tunaulizwa tulianzaje. Nimeamua kuandika tunavyofanya, ili aliye Igogo, Nyegezi, Sengerema au Nansio asilazimike kupita makosa yote tuliyopita sisi.

Jueni kwanza kazi yenu inaanzia wapi

Vikundi vya kufa na kuzikana tunavyo kila mtaa, na vinafanya kazi kubwa: sanda, jeneza, gari, turubai, chakula. Msianzishe kingine cha namna hiyo. Kazi inayokosa mtu ni ile inayoanza siku watu wanapoondoka, yaani kutoka kuanuliwa kwa matanga mpaka mwaka uzunguke. Katika msiba wa kwetu mfiwa haachwi peke yake hata usiku, kisha siku moja anaamka hakuna mtu. Hapo ndipo mnaingia.

Na andikeni katiba yenu kwa kuwafikiria watu ambao katiba za wengine zimewasahau. Mimi nilichangia kikundi kimoja cha kuzikana kwa miaka sita bila kuruka mwezi. Mume wangu alipopotea ziwani nikaambiwa fedha ni za "gharama za mazishi", na kwa kuwa hakuna mwili hakuna mazishi, basi hakuna fedha. Waliosema hivyo hawakuwa watu wabaya, walikuwa wanasoma karatasi. Lakini neno lile liliniuma kuliko njaa, kwa sababu lilikuwa linaniambia sijafiwa. Kifungu cha kwanza cha katiba yetu kinasema: msiba usio na kaburi ni msiba. Nawaomba mkiweke na nyinyi, hasa mkiwa mnaishi kando ya ziwa hili. Mwanza inajua. Waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 wapo makaburini Igoma, lakini wapo pia ambao familia zao hazikuzika chochote.

Mtu wa kuwafundisha

Sisi tulifundishwa na mtawa mmoja muuguzi mstaafu. Alikuja vikao sita, akikataa hata nauli. Yeye ndiye alituambia kwamba kazi hii ina wenyewe huko nje, na ina historia. Uingereza kuna shirika liitwalo Cruse, alilianzisha Margaret Torrie mwaka 1959 kwa ajili ya wajane, na jina lake limetoka kwenye kile chombo cha mafuta cha mjane wa Sarepta katika Biblia, kisichokauka. Leo linahudumia mfiwa yeyote, si wajane tu. Lingine, The Compassionate Friends, lilizaliwa Coventry mwaka 1969. Wavulana wawili walifariki katika hospitali moja, na kasisi kijana wa pale, Simon Stephens, akawakutanisha wazazi wao. Akaona wale wazazi wanasaidiana kwa namna ambayo yeye, na maneno yake yote, hakuweza kuwasaidia.

Tuliposikia hilo mama mwenyekiti akasema, "Kumbe ni mchele tu." Alimaanisha lile sinia. Tukaelewa wote.

Kwa hiyo msingoje mtaalamu ndipo muanze. Tafuteni mmoja wa kuwafundisha mipaka yenu: muuguzi, afisa ustawi wa jamii, mtumishi wa afya ngazi ya jamii. Kazi yenyewe itafanywa na waliofiwa. Ila sharti moja: aliyefiwa karibuni asitumwe kwa wengine. Kwetu mtu hukaa mwaka mzima akipokea wageni kabla hajawa mgeni wa mwenzake. Tuliwahi kumruhusu dada mmoja kabla ya wakati kwa kuwa alisisitiza, akaenda kwa mfiwa wa Kitangiri na akalia kuliko mwenye msiba. Ilibidi yule mfiwa ampikie chai mgeni wake.

Watu watano, mwembe mmoja, mbalamwezi

Anzeni wachache. Watano wanatosha, mradi wanajua kunyamaza. Habari za nyumba ya mfiwa zikitoka mara moja tu zikafika kwenye genge, kikundi kimekufa.

Msikutane kanisani wala msikitini, hata kama mmepewa bure, maana nusu ya mtaa haitakuja. Kutaneni kwenye uani wa mtu. Sisi tuko chini ya mwembe wa mwanachama mmoja, mikeka miwili. Na siku zipangeni kwa kazi za watu wenu. Wengi wetu tunauza dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, chanja za kuanikia zinakaa tupu, nasi tunapata nafasi. Kwa hiyo vikao vyetu ni vya mbalamwezi, na hakuna anayesahau tarehe, anaangalia juu tu. Kama watu wenu ni wakulima wa mpunga au mamalishe, mtajua wenyewe saa yao.

Kujiandikisha si kazi ngumu. Mnahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama na barua ya serikali ya mtaa, kisha mnakwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, naye atawapeleka halmashauri. Kirumba tuko Manispaa ya Ilemela. Upande wa Nyamagana ni Jiji.

Kutembelea

Hapa ndipo penye kazi, nitakaa kidogo.

Nendeni wawili, siku zote. Mmoja anaweza kuzidiwa, watatu ni kikao. Nendeni na kitu cha mkononi, lakini kidogo: sukari nusu, sabuni ya mche, dagaa wa kufunga kwenye gazeti. Ukipeleka gunia utamfanya mtu ajione ana deni.

Ukifika, tafuta kazi ya mikono iliyopo pale. Kuchambua mboga, kupukuchua mahindi, kukunja nguo zilizokauka. Mfiwa akiangaliwa usoni anajikaza. Macho yenu wote yakiwa kwenye sinia, maneno hutoka yenyewe. Na yasipotoka, msiyachimbe. Tumewahi kwenda kwa mama mmoja mara tano hakutamka lolote kuhusu mtoto wake. Mara ya sita alisema, "Alikuwa hapendi bamia," akacheka, kisha akalia, kisha akatusimulia mpaka jua likazama.

Kuna maneno tumeyakataza. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni maneno ya imani, mfiwa akiyasema mwenyewe mwitikie, lakini wewe usiyatangulize. "Jikaze." "Usilie utawaliza watoto." "Bado kijana, utapata mwingine." Mwanamke aliyepoteza mimba au mtoto mchanga usimwambie atazaa mwingine, alikuwa anamtaka huyu. Sema: "Pole. Nimekuja kukaa na wewe." Na ukiwa ulimfahamu marehemu, mtaje. Watu hudhani wakitaja jina wanatonesha kidonda. Mimi mwaka ule nilikuwa natamani mtu mmoja tu alitaje jina la mume wangu kwa sauti, kama mtu aliyewahi kuishi.

Ratiba yetu tunaiandika kwenye kaunta buku. Kila familia ina ukurasa: siku ya kifo, siku matanga yalipoanuliwa, nani walikwenda, nini kifanyike. Ziara ya kwanza ni siku ya tatu baada ya watu kuondoka. Halafu kila wiki mpaka arobaini, kisha kila mbalamwezi mpaka mwaka. Siku nyingine nzito zimeandikwa kwa wino mwekundu: kufungua shule, Idi au Krismasi ya kwanza, siku ya kuzaliwa ya mtoto. Mjane Mwislamu aliye edani, ile miezi minne na siku kumi, anatembelewa na wanawake tu, na tunamuuliza yeye au wakwe zake saa ya kwenda. Usimtake atoke kuja kikaoni. Kikao kinakwenda kwake.

Kama mwili haujapatikana, usimharakishe mtu kusema "marehemu". Mama mkwe wangu aliacha mlango bila komeo kwa miezi mingi. Tulimwachia. Wajaluo wana desturi ya kuzika tunda la mwegea, wao wanaliita yago, mahali pa mtu aliyezama asionekane, na kwingine nimesikia watu wakizika mgomba. Sisi hatumwambii mtu azike au asizike. Tunamuuliza tu kwao hufanywaje, na akitaka, tunakwenda naye.

Wanaume hawaji chini ya mwembe. Miaka miwili tulikuwa tunawalaumu, mpaka mgane mmoja wa Mkuyuni, baba wa watoto watatu, akatuambia hawezi kukaa mkekani na wanawake wakimtazama alie. Sasa tuna wanaume wanne, na wanachofanya ni kwenda na sindano na uzi kumsaidia mwenzao kushona nyavu. Au wanamkuta kijiweni, wanamtoa pembeni. Mwanaume aliyefiwa na mke mara nyingi hajui hata mtoto anakunywa dawa gani ya kifua. Msimfanye aone haya kwa hilo, mfundisheni. Na angalieni pombe, maana watu watamnunulia wakidhani ndiyo pole.

Watoto

Mwanangu alikuwa na miaka sita. Nikamwambia baba amesafiri. Akaniuliza, "Mbona begi lake liko hapa?" Sikuwa na jibu. Kwa wiki nyingi kila jioni nilimkuta mwaloni, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akihesabu boti zinazoingia.

Mtoto ambiwe ukweli kwa maneno mafupi na mtu anayemwamini: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, harudi, na si kwa sababu ya kosa lako. Hilo la mwisho lisisahaulike, watoto hudhani walisababisha. Usiseme amelala, ataogopa kulala. Msimfukuze kwenye msiba akacheze mbali, wala msimlazimishe kuangalia maiti. Mwulizeni.

Na mtoto akicheza siku ya mazishi, si kwamba hajali. Analia kidogo, anacheza kidogo, anarudi kulia. Marekani, mjini Portland, kuna kituo kinaitwa Dougy Center kilichofunguliwa mwaka 1982 kwa ajili ya watoto waliofiwa, na njia yao kubwa ni michezo, watoto wakiwa na wenzao waliofiwa pia. Sisi hatuna jengo. Tuna mchanga, udongo wa mfinyanzi, na binti mmoja mwalimu wa chekechea anayekaa nao Jumamosi. Mwanangu alitengeneza mtumbwi wa udongo, akaweka kijiti ndani, akausukuma majini, ukazama. Akatengeneza mwingine. Sikumzuia, na sikumuuliza.

Mtoto akionekana anateswa au ametelekezwa na aliyemchukua, pigeni 116, simu ya mtoto, ni bure. Na mwambieni mwalimu wake wa darasa kwamba amefiwa. Wengine wanachapwa kwa kusinzia na hakuna anayejua kwa nini.

Karatasi na fedha

Mfiwa wa wiki mbili hasomi karatasi. Herufi zinacheza. Kwa hiyo mmoja wenu awe mtu wa karatasi, na kazi yake ya kwanza ni kumwambia mjane asiweke sahihi wala dole gumba kwenye chochote asichokielewa, hata kikiletwa na shemeji anayempenda.

Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Kibali cha mazishi kinatunzwa, maana ndicho kinachofungua njia ya cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, ama kwa mtandao wao ama kwenye ofisi ya wilaya. Cheti hicho ndicho kitakachodaiwa benki, NSSF, mahakamani, kila mahali. Toeni nakala nyingi mapema. Mirathi huanza na kikao cha ukoo chenye muhtasari unaopendekeza msimamizi, kisha mahakama. Mjane ana haki ya kuwa kwenye kikao hicho, na ana haki ya kupendekezwa. Laini ya simu ya marehemu isitupwe na isitumiwe na ndugu: fedha zilizomo ni za mirathi, na kampuni ya simu itataka kuona karatasi za msimamizi. Vitu vyote viwekwe kwenye mfuko mmoja wa nailoni, mahali anapopajua mfiwa na mtu mmoja zaidi.

Mambo yakiwa mazito, kama nyavu na injini vimeshabebwa na mjane anafukuzwa nyumbani, msipigane. Mpelekeni kwa wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017 na hawatozi fedha. Hapa Mwanza lipo pia shirika la Kivulini linalotetea wanawake na wasichana. Na kwa wanaotaka kuzuia misiba mingine ya ziwani, shirika la EMEDO linashughulika na kuzuia watu kuzama. Wajane wetu wawili sasa huzungumza na wavuvi vijana kuhusu kuvaa jaketi la kuokolea, na wanasikilizwa.

Fedha za kikundi ziwe chache na ziwe wazi. Tunachanga shilingi 1,000 kila mbalamwezi, zinakaa kwenye akaunti ya simu ya kikundi, haitoki hata shilingi bila watu watatu kukubali. Hatukopeshani. Mkianza kukopeshana mtakuwa chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, na mtahitaji usajili wake. Lakini sababu yetu kubwa si hiyo. Aliyekopa akashindwa kulipa hukwepa kikao, na mfiwa ndiye anayeshindwa kulipa kuliko wote.

Mkiona haya, msibaki nayo

Huzuni si ugonjwa. Kulia, kukosa usingizi, kumsikia marehemu akikohoa chumbani, kukasirikia watu, hata kumkasirikia aliyekufa, yote tumeyapitia. Lakini Shirika la Afya Duniani nalo linatambua kwamba kuna huzuni inayokwama: miezi sita imepita na zaidi, na mtu bado hawezi kula, kufanya kazi wala kutunza watoto, kila siku ni kama ile ya kwanza. Huyo apelekwe hospitali, Sekou Toure au Bugando, na mmoja wenu asindikize mpaka ndani.

Akisema anataka kumfuata marehemu, mwamini. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Msimwache peke yake usiku huo. Ondoeni dawa za pamba na za panya nyumbani, na asubuhi msingoje kikao, mpelekeni hospitali. Kama hali ni mbaya, pelekeni usiku huohuo. Tumefanya hivyo mara mbili. Wote wawili wanakuja mwembeni.

Na nyinyi wenyewe mjichunge. Kila kikao chetu kinaanza na watembeleaji, kila mmoja anasema amebeba nini mwezi huo. Aliyechoka anapumzishwa mzunguko mmoja bila kueleza sababu.

Mwaka ukizunguka

Ukurasa haufungwi kimyakimya. Siku ya mwaka tunakwenda sote, na mfiwa ndiye anayechagua iwe namna gani: misa, hitima, chai tu, kupalilia kaburi. Kwa wasio na kaburi tunakwenda mwaloni alfajiri, kabla boti hazijaingia. Hatufanyi mengi. Anayetaka huingia majini mpaka magotini akasema anachotaka kusema. Boti zikikaribia tunawasaidia vijana kuvuta, dagaa wanashushwa, ndoo ya kwanza anabeba mfiwa mwenyewe mpaka kwenye chanja, na tunaanika naye mpaka jua liwe kali. Baadaye katibu anamuuliza kama jina lake liandikwe upande wa pili wa daftari, wa wanaotembelea, au bado.